Mdomo Wangu na Kitufe cha Maji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia chuo kikuu. Kwa miguu yangu, si kwa cheti.

Mjukuu wangu ndiye aliyenipeleka. Anaanza kufundisha somo jipya, la kutengeneza programu za simu, akasema siku ya kwanza anahitaji mtu asiyejua chochote. Nikamwambia umempata, twende.

Ukumbi una viti vya kupanda kama ngazi. Vijana wamejaa, kila mmoja na kompyuta yake ya kukunja mbele yake, wazi, kama watu waliokaa mezani wakingoja kupakuliwa. Mke mwenzangu akasimama mbele akawaambia wazifunge. (Mjukuu huyu namwita mke mwenzangu tangu ananyonya — alinipokonya mapenzi yote ya babu yake, marehemu, na hakuwahi kunirudishia.) Mpaka Alhamisi hakuna kompyuta, akasema. Minong'ono. Kijana mmoja wa kofia akauliza, sasa mwalimu, programu tutatengeneza kwa mdomo? Akajibiwa: kwa macho kwanza, kisha kwa masikio, vidole mwisho.

Kisha akaniita. Akanipa simu yenye programu ya kukata tiketi za basi, akaniambia nikate moja. Sharti langu: niseme kwa sauti kila ninachowaza. Sharti lao: wafunge midomo, hata nikipotea, hata wakiona nimebakiza kidogo tu nifike.

Basi nikasema. Nikauliza hivi vistari vitatu ni nini, ngazi au mbavu? Nikasema inanidai neno la siri na mimi sijaja kwa siri, nimekuja kusafiri. Nikasema yule wa kofia anavyocheka naliona pengo lake la jino la nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Tiketi sikupata. Niliishia mahali simu ilipogeuza maandishi yote yakawa kama nyayo za kuku.

Mke mwenzangu hakucheka. Akawaambia, bibi hakukosea, na nyinyi mtakaa muhula mzima mkijifunza kuamini hivyo. Mimi nilijua fika nimekosea. Lakini nilipenda alivyosema.

Mlangoni alikaa mkuu wa idara. Viatu vyake vinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Aliondoka kabla ya mwisho, ukumbi mzima ukamsikia akiondoka.

Jioni, mke mwenzangu akiosha vyombo, mgongo kwangu, akanieleza. Somo hili ni la majaribio. Zikiisha wiki hizi za utangulizi mkuu atakuja kutazama kundi moja, na anataka kuona kitu kinachofanya kazi kwa watu wa kweli, si kwenye picha za ukutani. Asipokiona, somo linafutwa na mkataba wake unakufa nalo. Atarudi kwenye kampuni ile ya mji wa mbali. Tutakuwa watu wa kuonana sikukuu kwa sikukuu.

Nikamwambia sufuria hiyo umeshaisugua, iache.


Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Ile tiketi inanikera. Watoto wale wote wananitazama nikipapasa kioo kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Naandika kwenye kaunta buku alizoacha mke mwenzangu alipomaliza shule. Mimi darasa sikulijua. Yeye ndiye aliyenifundisha, akiwa na umri wa kung'oka meno ya mbele: akirudi shule ananiwekea chaki mkononi na mlango wa jiko ndio ubao. Nikikosea, alinipiga kidole na mwiko. Mwiko wangu mwenyewe.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa kwanza ni yeye, na wa mwisho ni yeye. Hayo ya kampuni ya mbali sitaki kuyasikia.


Alhamisi, 6 Machi

Wageni. Kila kundi limetumwa likakae kwenye nyumba ya mtu na kutazama tu, bila kusaidia. Kundi la watatu limeangukia kwangu. Yule wa kofia, nimemwita Kofia. Msichana wa miwani anayejibu kabla hujauliza, Miwani. Na msichana wa tatu asiyesema kitu, huyo ni Kimya. Kofia nilimwambia nimekosa mume siku nyingi, anaonaje? Akasema posa ataleta akimaliza mtihani. Mtoto ana adabu ya utani, huyo atafika.

Kimya alikaa karibu na sinki akitazama mikono yangu. Nilimpakulia mara mbili na mara mbili akala. Msichana anayekula bila kubembelezwa simdharau.

Kabla ya adhuhuri bomba la jikoni likakohoa. Jengo letu liko hivi: maji hayana ratiba, yanakuja yakitaka, na nguvu ya kupanda juu hayana. Jiko langu liko chini kabisa, kwa hiyo mimi ndiye ninayesikia kwanza. Bomba likikohoa natoka ngazini na kupiga ukelele, nikiuvuta: Majiiii! Watu wanashuka na ndoo hadi bomba la uani. Asiyesikia, imekula kwake. Nimefanya hivyo miaka na miaka, hakuna aliyenituma.

Nikapiga ukelele wangu. Miwani akaziba masikio. Ndoo zikashuka. Lakini Mama wa Juu hakushuka. Anaishi ghorofa ya mwisho, anafua mashuka hospitalini zamu ya usiku, mchana analala. Alikuja maji yameshakatika, akasimama uani na ndoo mbili kavu. Hakulaumu mtu. Alizigeuza ndoo, akakalia moja.

Wale watatu wakatazamana. Wametumwa watafute shida ya kweli, na shida imekuja yenyewe ikiwa na ndoo.


Jumamosi, 8 Machi

Wamerudi na programu. Mke mwenzangu aliwapa mifupa yake, nyama wameweka wao. Ni ukurasa mmoja na kitufe kimoja kikubwa cha buluu: MAJI YAMETOKA. Nikibonyeza, simu ya kila aliyejiunga inalia kengele. Hata Mama wa Juu akiwa usingizini. Sehemu ya kupeleka kengele kaifanya Kimya peke yake, ndiyo sehemu ngumu, Miwani ndiye aliyesema. Kimya alitazama sakafu.

Wamepita mlango kwa mlango kuwawekea watu. Mama wa Juu aliamka kwa ajili yao, akawaletea viti. Yule mama hana muda hata wa kujikuna, akawaletea viti.

Simu ya kubonyezea wamenining'inizia jikoni, kwenye msumari, ubavuni mwa bomba. Mke mwenzangu akasema nisifundishwe chochote. Kofia alifungua kinywa kunielekeza, akakanyagwa mguu.

Mkuu wa idara anakuja kuangalia kundi hili. Langu! Si lile la hesabu za duka wala lile la kutafuta vyumba. Jiko langu.


Jumapili, 9 Machi

Nimeharibu.

Mke mwenzangu alikwenda sokoni. Nikabaki na ile simu kwenye msumari. Nikajiambia, mkuu akija hapa asinikute napapasa kama siku ya tiketi, mjukuu wangu asiaibike kwa ajili ya kidole changu. Nifanye mazoezi. Bomba kavu, hakuna maji, kitufe kitamwambia nani nini? Maana mimi nilidhani simu inajua kama maji yapo. Sasa kwa nini waliitundika pembeni ya bomba, kama haisikilizi bomba?

Nikabonyeza kidogo. Sikuona kitu. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, dole gumba lote, nikalikalisha pale. Na tena.

Mlango juu. Mlango mwingine. Ndoo ngazini, zinagongana. Mama wa Juu ndiye aliyetangulia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, jicho moja bado limefumba. Akafungua bomba la uani. Likatoa upepo. Akalifunga, akalifungua tena, kana kwamba kosa ni la mkono wake.

Watu wakatazama simu zao. Mzee wa Redio, jirani yangu wa mlango wa pili, akasema hii ndiyo elimu tunayowalipia watoto. Mwingine akasema programu imepagawa, inajituma yenyewe. Na mimi, mwenye mdomo wa kumwambia kila mtu ukweli wake, nilisimama kwenye mlango wa jiko na simu nimeibana kwapani.

Mama wa Juu alipanda ngazi. Nilihesabu kwa masikio jinsi ndoo ilivyogonga kila kona.

Jioni wale watatu wakaja. Miwani anaomba radhi kila mlango. Kofia kavua kofia. Kimya alikaa kwenye ngazi ya chini, akafungua kompyuta yake, uso umemshuka kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ameuma watu.

Nilipomwona hivyo sikuweza kuendelea kuficha. Nikamwita mke mwenzangu jikoni, nikamwambia: ni mimi, nilibonyeza, nilikuwa nafanya mazoezi.

Akanitazama. Kisha akacheka, lakini si cheko la furaha.

"Bibi, ulikwenda kwa mwalimu mkuu ukasema dirisha la shule nililovunja mimi umelivunja wewe. Kwa mpira. Na goti lako lile."

Nikasema lile lilikuwa lile, hili ni hili. Akasema anajua ninampenda Kimya, nimempakulia mara mbili, lakini nisimkingie kifua. Kama programu ina kosa lazima alione mwenyewe. Akanibusu kipaji cha uso, akatoka.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeanzia shuleni kwake na kuishia jikoni kwangu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia tena mke mwenzangu asubuhi. Akasema, sawa Bibi, na nani aliunguza wali wa mama, ni wewe pia? (Nilisema ni mimi. Hakuwa mimi.)

Nusu ya jengo wameifuta programu. Mzee wa Redio aliifuta mbele yangu, akanionyesha, kama anayemwaga takataka.


Jumanne, 11 Machi

Mke mwenzangu amerudi amenuna. Kimya ametafuta kosa siku mbili na halioni. Sasa anasema hawezi kazi hii, anataka kuhama arudi kwenye masomo ya uhasibu. Mwisho wa kuhama ni Ijumaa. Akiondoka, sehemu ya kengele hakuna wa kuishika. Kundi linakufa, na mkuu atakuja kutazama msumari.

Nimeuliza maabara iko jengo gani. Akasema kwa nini. Nikasema, naulizia tu.


Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda. Mlinzi wa geti akauliza mimi ni nani hapo chuoni. Nikamwambia mimi ni mtihani wao, nipishe. Akanipisha.

Maabara ni chumba baridi, feni inavuma na dirisha halifunguki. Kimya alikuwa kwenye kona, kichwa kati ya viganja. Nikavuta kiti. Nikamwambia yote, polepole, na nikaongeza: mjukuu wangu hanisadiki kwa sababu nimezoea kubeba makosa ya watu. Hili si la mtu. Hili nimelizaa mwenyewe.

Aligeuza kompyuta nione. Kuna mahali inaandika kila kitufe kinapobonyezwa na kwa muda gani. Mimi niliona mistari tu. Kisha nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, sauti nzito, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Bibi, ulibonyeza vipi?"

Nikamshika mkono, nikakifungua kiganja chake, nikambonyeza humo. Kidogo. Kisha dole gumba lote, nikalikalisha. Kisha tena, nikalikalisha.

Akatazama kiganja. Akatazama mistari. Kifupi, kirefu, kirefu. Kisha akalaza kichwa juu ya meza na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaanza kumfokea asilie. Kumbe anacheka. Anasema kwa siku tatu amekuwa akitafuta ndani ya programu kitu chenye dole gumba.

Nikamwambia rudi nyumbani ule.


Alhamisi, 13 Machi

Sasa mke mwenzangu amesadiki. Kimya alimwonyesha. Ningependa aendelee kutosadiki.

Hakupayuka, yeye hapayuki, hiyo hakuirithi kwangu. Alisimama mlangoni mwa jiko na mkoba bado begani.

"Bibi, nilikuchagua kwa sababu hujui. Ukijifunza kwa siri, mimi nimpime nani?"

Iliingia. Iliingia mahali pake. Nikamjibu:

"Hakuna anayependa kuchaguliwa kwa asichokijua."

Akakaa. Sufuria inachemka, hakuna anayeinuka kuifunua. Akasema nilikuwa hivyohivyo na chaki. Alikuwa akitoka kidogo, akirudi anakuta nimefuta mlango, anaona herufi nzuri tu. Kwa hiyo hakuwahi kujua ninakosea wapi, na mpaka leo nachanganya nyingine, na yeye hakujua anifundishe nini.

Nikasema, lakini leo naandika.

Akasema, ndiyo, unaandika. Lakini ungeandika mapema zaidi.

Mwana huyu. Nikaenda kufunua sufuria. Ilikuwa imekauka. Nikasema ni mimi, na kwa mara ya kwanza hakubisha.


Ijumaa, 14 Machi

Kimya hakuhama. Ukurasa mpya umeongezwa, umeandikwa MAZOEZI. Kitufe ni cha kijivu, unabonyeza unavyotaka, hakisikiki popote. Na kile cha buluu sasa kinauliza kwanza: Una hakika? Nikasema kwa sauti ninachowaza: kinanisuta. Hawakujibu, ndiyo sharti, lakini Miwani aliandika.

Mke mwenzangu amewasimulia darasa zima habari yangu. Anasema hakuna mhadhara uliowaingia kama huo. Nimeuliza kama alitaja jina. Amesema alisema tu "mtumiaji". Basi mimi sasa ni mtumiaji.


Jumamosi, 15 Machi

Nimepita milango yote. Sikumtuma mtu. Nikasema: ile siku ni mimi, si watoto, nilibonyeza nikidhani nachezea kitu kisichosikia. Mzee wa Redio akafurahi sana, akanifanya nirudie. Akaiweka tena. Wengine nao.

Mama wa Juu alifungua na uso wa usingizi. Ngazi zile zilinitoa pumzi, nikaongea nimeshika ukuta. Alinisikiliza hadi mwisho. Programu hakuifuta, akanionyesha, iko. Lakini akasema haamki tena kwa kengele. Amefua usiku kucha, magoti yanamuuma, hawezi kushuka ghorofa zote hizi kwa ajili ya kitu kisicho na mtu ndani.

"Sauti yako nikiisikia naruka, Bibi. Hicho kidude sikijui."

Nilishuka nikiwa na furaha kidogo. Naandika ukweli. Nilikuwa na furaha kidogo.

Nikamweleza mke mwenzangu, nikamwambia si rahisi tu, siku ya mkuu nibonyeze na pia nipige ukelele? Akatikisa kichwa. Nikipiga ukelele mkuu atasema jengo lilikuwa na bibi tangu zamani, programu ya nini? Akasema mdomo wangu si sehemu ya programu.

Mdomo wangu si sehemu ya kitu! Haya.


Jumatatu, 17 Machi

Majaribio. Wale watatu walikaa jikoni kimya, mikono magotini, kama wanapigwa picha ya pasipoti. Bomba likakohoa. Kabla sijafikiri niko ngazini: Majiiii!

Ndoo zikashuka. Kitufe hakikuguswa. Kofia alikuwa anauma kofia yake ili asicheke. Mke mwenzangu alifumba macho.

Mama wa Juu alishuka pia, akajaza zote mbili. Akaniaga kwa furaha. Basi hata kumfurahia sikuweza.

Keshokutwa mkuu anakuja.


Jumatano, 19 Machi

Naandika mkuu akiwa hapa. Nimeambiwa nikae kimya, na mimi nikikaa kimya bila kazi nitapasuka, kwa hiyo naandika. Mkuu aliuliza naandika nini. Mke mwenzangu akajibu, mapishi.

Walifika asubuhi. Viatu vyake vimelia kutoka getini hadi sakafuni kwangu, na sasa amevificha chini ya kiti changu kizuri. Mtu mpole kumbe. Anakunywa chai kwa adabu, anapuliza. Amemuuliza Kimya maswali matatu kuhusu kengele na Kimya ameyajibu yote, kwa sauti, hadi Miwani akamgeukia. Lakini mkuu amesema wazi: kengele inayolia si kazi. Kazi ni mtu kuinuka. Anataka kuona kama yule aliyekuwa akikosa maji atashuka. Yeye ndiye mliyemtengenezea, amesema, wengine wote wanasikia hata bila simu. Na asiitwe na mtu.

Sikumpenda aliposema hivyo. Lakini ni kweli, na mimi kweli siwezi kuichukia hata ikija na viatu vile.

Tunangoja. Bomba kavu. Mkuu ametazama saa. Hatakaa siku nzima, ana kikao.

Kofia amelala kidogo. Nimemtupia ganda la karanga.

Bado.

Mkuu ameinuka, anatafuta mkoba. Mke mwenzangu amemwongezea chai bila kumuuliza, kwa hiyo amekaa. Hiyo ameirithi kwangu.

Limekohoa.

Limekohoa tena. Kila mtu amenitazama na kila mtu amejifanya hanitazami. Nimekwenda kwenye msumari. Nimesema kwa sauti: nabonyeza cha buluu, si cha kijivu. Kikaniuliza, Una hakika? Nikasema kwa sauti, ndiyo, nayasikia kwa masikio yangu. Dole gumba. Nikalikalisha.

Simu zinalia juu, nazisikia hadi huku. Nimekaa nimeshika kalamu kwa mikono yote miwili, kama kamba.

Mzee wa Redio yuko uani tayari, lakini mkuu amesema huyo dirisha lake linatazama bomba, hahesabiki. Wale wa ghorofa ya kwanza wameshuka. Wa ghorofa ya pili wameshuka. Maji yanashuka mazuri, yananguruma ndani ya ndoo. Hayakai sana yakija hivi. Nayajua.

Juu hakuna kitu. Kimya amekaza macho kwenye kompyuta. Kuna mstari mmoja ambao haujageuka rangi, ni simu ya juu kabisa. Imelia, haijazimwa, haijajibiwa.

Umegeuka.

Mlango wa juu umefunguka. Ndoo. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Imesimama.

"Bibi! Ni kweli safari hii?"

Mkuu ameinua kidole: asijibiwe. Mke mwenzangu amenitazama kama alivyokuwa akinitazama na mwiko mkononi. Kofia ameziba mdomo wake mwenyewe. Neno liko hapa, kwenye koo, fupi, halina hata herufi ninazochanganya. Maji yanakwenda.

"Bibi?"

Sasa haniiti kwa nguvu, anauliza tu, kama mtu anayeuliza gizani kama kuna ngazi nyingine. Kalamu inaandika kwa nguvu hadi inatoboa karatasi. Mdomo nimeufunga. Mimi!

Uani mtu amefungua bomba zaidi, linasikika jengo zima kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Sikiliza, mama. Usinisikilize mimi.

Ndoo yake iko pale kwenye kona. Haijashuka. Haijapanda.